Herufi Saba Nyuma ya Gari

Mwanzoni mwa mwaka 1974, katika jimbo dogo la New Hampshire lililoko kaskazini-mashariki mwa Marekani, George Maynard alianza kuziba kwa utepe wa gundi maneno yaliyokuwa kwenye vibao vya namba vya magari yake mawili, Toyota Corolla moja na Plymouth moja ya familia. Maneno yenyewe yalikuwa kaulimbiu ya jimbo, inayomwambia mtu aishi huru au afe. Watoto wa mtaani wakawa wanaubandua ule utepe. Maynard akaona njia ni moja tu: akalikata kabisa lile neno la kufa, kisha akabandika utepe juu ya tundu na juu ya maneno yaliyobaki.

Yeye na mkewe Maxine walikuwa Mashahidi wa Yehova. Imani yao inafundisha kwamba uzima wa milele uko katika ufalme wa Mungu, kwa hiyo mtu hawezi kuapa kuutoa uhai wake kwa ajili ya serikali yoyote, hata kama kukataa kungemfanya aishi kifungoni. Kwao kaulimbiu ile haikuwa pambo. Ilikuwa tamko la imani nyingine, na lilikuwa limepigiliwa kwenye mali yao wenyewe.

Kwa watu wengine wa New Hampshire, maneno yale yalikuwa karibu na utakatifu. Aliyeyaandika, mwaka 1809, alikuwa Jenerali John Stark, shujaa wa vita vya uhuru dhidi ya Uingereza, wakati huo akiwa mzee mgonjwa asiyeweza kusafiri kwenda kwenye sherehe za kumbukumbu ya ushindi wake. Jimbo likayafanya kaulimbiu rasmi mwaka 1945, na sheria ya mwaka 1969 ikaagiza yawekwe kwenye vibao vya magari ya abiria, mahali ambapo zamani paliandikwa neno la kusifu mandhari ya nchi ili kuvutia watalii. Vibao hivyo hutengenezwa na wafungwa katika gereza la jimbo lililoko Concord.

Novemba 27, 1974, Maynard akaandikiwa hati ya mashtaka kwa kosa la kuficha maandishi ya kibao. Desemba 6 alisimama mahakamani mjini Lebanon bila wakili, akaeleza imani yake, akatozwa faini ya dola 25, ila akaambiwa hatailipa akitulia. Hakutulia. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshtakiwa tena, na Januari 31, 1975, hakimu akamtoza dola 50 na kumhukumu miezi sita jela, kifungo ambacho kingesimamishwa iwapo angelipa faini zote mbili. Maynard akasema dhamiri yake haimruhusu kulipa. Akapelekwa gerezani siku 15, akazimaliza zote.

Miaka miwili baadaye, Aprili 20, 1977, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi. Jimbo lilikuwa limejitetea kwamba kaulimbiu inawasaidia polisi kutambua magari ya abiria, na kwamba inakuza fahari ya historia. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba hoja hizo hazitoshi kumgeuza mwananchi kuwa ubao wa matangazo unaotembea, akibeba itikadi ya serikali ambayo moyo wake unaikataa. Jimbo likabaki na haki ya kuendelea kuchapa maneno yake. Asiyeyataka akapata haki ya kuyafunika.

Inafaa kuangalia alichoomba Maynard hasa. Hakutaka kuandika chochote. Alitaka kunyamaza. Hata hivyo, kesi yake iliacha wazi swali ambalo limewatesa majaji kwa karibu nusu karne sasa: maneno yaliyo kwenye kibao cha gari yanatoka kinywani mwa nani?

Mwanzoni hapakuwa na swali. Polisi wa Paris walipoagiza mwaka 1893 kwamba magari yabebe vibao, walitaka tu kumjua aliyemgonga mtu akakimbia. Uingereza ilifuata kwa sheria ya mwaka 1903 iliyoanza kutumika Januari 1904. Lakini hata huko, katika siku za kwanza kabisa, namba ikaanza kuwa kitu cha kujivunia: Earl Russell, kaka yake mwanafalsafa Bertrand Russell, alijipatia namba A 1 mjini London, na husimuliwa kwamba alikesha kwenye foleni ili asitanguliwe na mtu. Binadamu akipewa alama, hata ya polisi, hutaka iwe yake.

Serikali hazikuchelewa kuona fedha ndani ya tamaa hiyo. Mwaka 1931 jimbo la Pennsylvania liliwaruhusu wenye magari kuweka herufi za kwanza za majina yao. Connecticut ilifuata mwaka 1937. Mwaka 1970 California ilianza kuuza namba binafsi na kuelekeza mapato kwenye hifadhi ya mazingira. Utafiti wa chama cha wasimamizi wa usajili wa magari wa Marekani uliotolewa mwaka 2007 ulihesabu zaidi ya namba binafsi milioni 9, na Virginia ikaongoza: karibu magari 16 katika kila 100 yalikuwa na maneno ya wenyewe. Sababu haikufichika. Huko ada ya mwaka ilikuwa dola 10 tu.

Uingereza ilichagua mnada, ikaanza mwaka 1989. Na katika orodha ya namba zilizouzwa ghali kabisa, dini na ukoo vimekaa juu. Namba 51 NGH, ambayo jicho huisoma Singh, jina la wanaume wa Kalasinga, iliuzwa kwa takriban pauni 254,000 mwaka 2006. KR15 HNA, jina la Krishna, mmoja wa miungu wa Wahindu, ilivuka pauni 230,000. Serikali ileile iliyouza majina hayo ina maofisa wanaokaa mara mbili kwa mwaka, kabla ya mfululizo mpya wa Machi na Septemba, kupekua herufi zinazokuja na kuzizuia zile zinazoweza kuudhi imani au kabila la mtu.

Upekuzi wa namna hiyo ndio chanzo cha ugomvi uliofuata Marekani na kwingineko. Maana mtu anayeketi na orodha ya maneno ya kukataa lazima aamue pia la kufanya na jina la Mungu.

Virginia ilidhani njia salama ni kulikataza. Kanuni yake ilizuia kibao chochote kinachotaja miungu, na mkazi mmoja alipoomba GODZGUD, akimaanisha kuwa Mungu ni mwema, akanyimwa. Alikwenda mahakama ya shirikisho, na mwaka 1994 kanuni hiyo ikaanguka. Jimbo lilikuwa na nia ya amani: lilitaka barabara isiwe uwanja wa mabishano ya dini. Lakini mtu wa kawaida aliyetaka kusifu mbwa wake au timu yake aliruhusiwa, na aliyetaka kumsifu Muumba wake akaambiwa hapana. Hiyo si amani. Huko ni kumchagua mmoja na kumziba mdomo.

Miaka kumi baadaye Vermont ilirudia kosa hilohilo, tena kwa namna inayoonyesha kwa undani zaidi ubaya wake. Mwaka 2004 mkazi mmoja aliomba JOHN316, au ikishindikana, muundo mfupi wa maneno hayo. Mkristo yeyote anajua ni Yohana sura ya 3, aya ya 16, aya inayohubiriwa labda kuliko zote katika Injili. Sheria na kanuni za Vermont ziliweka marejeo ya dini katika kapu moja na matusi, ngono na dawa za kulevya. Ombi likakataliwa, naye akashtaki.

Mahakama ya rufaa ilipoitazama kesi hiyo iligundua jambo la ajabu. Maofisa hawakutazama herufi peke yake. Walimuuliza mwombaji anamaanisha nini. Kama mtu mwenye jina la John angekuja akasema amezaliwa tarehe 16 ya mwezi wa tatu, angepewa kibao kilekile, chenye herufi zilezile na tarakimu zilezile. Kilichozuiwa, basi, hakikuwa maandishi barabarani. Ilikuwa imani iliyo kifuani mwa dereva. Na mpita njia aliyetakiwa kulindwa angeviona vibao vyote viwili bila kutofautisha. Oktoba 8, 2010, mahakama hiyo iliamua kwamba jimbo linaloruhusu watu waseme mambo ya maisha, falsafa na familia zao haliwezi kuwafungia mlango wale tu wanaozungumzia mambo hayo kwa macho ya dini.

Wengi waliposikia uamuzi ule walidhani ni ushindi wa Wakristo. Kentucky ikaonyesha kwamba ulikuwa ushindi mpana kuliko hapo.

Mzee mmoja aliyekuwa ametumia kibao IM GOD kwa miaka 12 katika jimbo la Ohio bila tatizo alihamia Kentucky mwaka 2016 na kuomba akiendeleze. Maana ya kibao ni kwamba mimi ndimi Mungu. Mwenyewe hakuwa mtu wa dini. Alitaka kusema kwamba suala la Mungu kila mtu hulitafsiri mwenyewe, na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba yeye si Mungu. Kwa Mwislamu, Mkristo au Myahudi, maneno hayo ni kufuru isiyo na mjadala. Kentucky ikamwambia kibao chake ni kichafu, halafu ikabadili sababu na kusema hakina staha na kinaweza kuwachanganya madereva.

Novemba 2019, Jaji Gregory Van Tatenhove alilikatalia jimbo. Ushahidi uliolibana ulitoka kwenye makabati yake lenyewe: Kentucky ilikuwa imetoa kibao IM4GOD, mimi niko upande wa Mungu, na LUVGOD, mpende Mungu. Kama vibao hivyo havikuwachanganya madereva, hoja ya kuchanganyikiwa ilikuwa ya kutunga. Serikali ilikuwa imekubali kumtaja Mungu kwa sifa na kukataa kumtaja kwa shaka. Mwanzoni mwa 2020 jimbo likaamriwa kulipa zaidi ya dola 150,000 za mawakili na gharama za kesi.

Muumini anayesoma habari hii anaweza kuumia, na maumivu yake ni ya kweli. Lakini mlango uliofunguliwa kwa mzee wa Kentucky ndio uleule uliomruhusu mkazi wa Vermont kubeba Injili. Ukiufunga kwa mmoja, funguo zinabaki kwa karani wa serikali, na karani wa kesho anaweza kuwa na imani nyingine.

Lakini kuna maneno ambayo hayagusi imani. Yanagusa kaburi.

Huko Missouri, mwanamke mmoja alidai haki ya kubeba ARYAN-1. Neno hilo lilipata sura yake ya kutisha kwa Wanazi, waliolitumia kugawa binadamu kati ya wanaostahili kuishi na wasiostahili. Jimbo lilihofia kwamba madereva wengine wangekasirika na kuleta vurugu barabarani. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba hasira ya msomaji haiwezi kuwa kipimo, kwa sababu kila mwenye kelele angepata uwezo wa kuwanyamazisha wenzake. Kisheria hoja hiyo ina nguvu. Kwa mtoto wa aliyeokoka Auschwitz anayesimama nyuma ya gari hilo kwenye taa nyekundu, hoja hiyo haitoshi, na makala hii haiwezi kujifanya kwamba inatosha.

Ujerumani, iliyo na kila sababu ya kujua, ilichagua njia nyingine. Kule kibao huanza na herufi za mji au wilaya, na kwa ada ndogo mwenye gari huchagua herufi na tarakimu zinazofuata. Wachumba huweka herufi za majina yao, wazazi siku za kuzaliwa za watoto. Lakini michanganyiko mitano imefungwa kote nchini: KZ, kifupi cha kambi za mateso, SS na SA, vikosi vya Hitler, HJ, jumuiya ya vijana wake, na NS, kifupi cha jina la itikadi yenyewe. Baadhi ya majimbo huzuia pia tarakimu kama 88, kwa kuwa herufi ya nane ya alfabeti ni H, na wafuasi wa Unazi huisoma 88 kuwa HH, salamu yao ya siri. Haijalishi kama jina lako ni Sabine Schulz na mumeo ni Stefan. Hupati SS. Wajerumani wameona kwamba usumbufu wa Sabine ni mdogo kuliko kilichofanywa kwa herufi hizo mbili.

Bosnia ilikwenda mbali zaidi. Baada ya vita vya 1992 hadi 1995, nchi ilibaki na vibao vya aina tofauti, kila upande na alama zake na wengine na maandishi yao ya Kisirili. Kibao kilitangaza kama aliye ndani ya gari ni Mserbia, Mkroati au Mwislamu wa Kibosnia. Familia iliyotaka kuvuka kwenda kuona nyumba waliyokimbia, au kaburi la mzee wao, ilisafiri huku gari likiwachongea kwa kila mpita njia. Mwaka 1998 Carlos Westendorp, mwakilishi wa jumuiya ya kimataifa mwenye mamlaka ya kutunga sheria, alilazimisha kibao kimoja kwa wote. Kilitumia herufi saba tu: A, E, J, K, M, O na T, kwa kuwa hizo huandikwa sawa katika alfabeti ya Kilatini na ya Kisirili. Hakuna aliyeweza kusema kibao kile ni cha wenzake. Watu wakaanza kuvuka. Katika historia yote ya vibao vya magari, ni vigumu kupata uamuzi wa ofisini uliofanya kazi ya amani kwa gharama ndogo hivyo.

Kanada nayo ilipata kesi mbili kwa wakati mmoja, na ukiziweka pamoja zinafundisha zaidi ya vitabu vingi vya sheria.

Ya kwanza ilitokea Manitoba. Mpenzi mmoja wa mfululizo wa televisheni wa Star Trek alikuwa na kibao ASIMIL8, kikizungushiwa fremu yenye maneno ya Borg, maadui wa kubuni wanaomeza kila taifa wanalokutana nalo na kulifanya kama wao. Kwake ulikuwa mchezo wa mashabiki. Lakini Manitoba ni nchi ya Wakree, Waojibwe na mataifa mengine ya wenyeji, na neno lile, kumfanya mtu apoteze asili yake akawe kama wewe, ndilo lilikuwa lengo lililotamkwa wazi la shule za bweni za serikali na makanisa. Watoto zaidi ya 150,000 walipitishwa humo kuanzia karne ya 19 hadi miaka ya 1990. Walinyolewa nywele, wakachapwa kwa kusema lugha za mama zao, na maelfu hawakurudi nyumbani. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitamka kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari ya utamaduni.

Mwaka 2017, baada ya malalamiko, shirika la umma linalosimamia usajili likakitwaa kibao kile. Mwenyewe akashtaki. Oktoba 2019 mahakama ikaliunga mkono shirika: kibao ni mali ya serikali, na serikali ilikuwa na sababu ya kutolibeba neno hilo mbele ya watu hao. Hakuna aliyesema shabiki yule alikuwa na nia mbaya. Hakuwa nayo. Lakini nia yake haikuweza kulitoa neno kwenye historia ya ardhi aliyoliendeshea gari.

Kesi ya pili, ya Nova Scotia, inauma kwa upande wa pili. Kwa takriban miaka 27 familia moja yenye asili ya Austria na Ujerumani ilitumia jina lake la ukoo, GRABHER, kwenye gari. Kibao cha kwanza kilikuwa zawadi ya mtoto kwa baba yake. Mwishoni mwa 2016 mtu mmoja akalalamika, kwa kuwa jina hilo likisomwa kwa Kiingereza na asiyejua kuwa ni jina, hugeuka kuwa amri ya kumshika mwanamke kwa nguvu. Serikali ikakifuta. Mwenye jina alipigana hadi mwisho: akashindwa Januari 2020, akashindwa kwenye rufaa mwaka 2021, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kumsikiliza.

Wanawake waliowahi kushambuliwa wana haki ya kutokutana na maneno kama yale barabarani, na hilo halina ubishi. Hata hivyo kesi hizi mbili hazilingani. Neno la Manitoba lilichaguliwa kwa mchezo na lingeweza kuachwa. La Nova Scotia lilirithiwa. Kumwambia mtu kwamba jina la babu yake ni chafu kwa sababu wengi nchini hawajui linatoka wapi ni kuwafanya wageni wa jana waendelee kuwa wageni. Ofisi zilizojali hisia za wengi zilipaswa kujali na za yule mmoja.

Maryland ya Marekani, kwa upande wake, ilijikuta katika tatizo la kinyume chake. Ilitoa kibao MIERDA kwa sababu makarani wake hawakulijua tusi hilo la Kihispania. Ni mlalamikaji aliyewazindua mwaka 2011, na mahakama kuu ya jimbo ikakubali mwaka 2016 kwamba tusi ni tusi kwa lugha yoyote.

Mara nyingine kinachoudhi ni tarakimu tupu. Japani haitoi kwa kawaida namba zinazoishia na 42 na 49, kwa kuwa matamshi yake yanasikika kama kifo na mateso. Ireland ilipofika mwaka 2013 iligawa mwaka katika mafungu mawili, 131 na 132, na hofu ya kumi na tatu ilikuwa miongoni mwa sababu. Mjini Kabul, mwaka 2011, usajili ulipofika mfululizo unaoanza na 39, madereva waliukimbia. Katika masimulizi ya mtaani namba hiyo ilikuwa imefungamanishwa na mtu aliyeuza wanawake, na mwanamume aliyeendesha gari lenye 39 alichekwa mchana kweupe.

Katika Ghuba namba ikawa utajiri. Abu Dhabi iliuza kibao chenye tarakimu 1 pekee kwa dirham milioni 52.2 mwaka 2008, na Dubai ikavunja rekodi hiyo Aprili 2023 kwa P 7, dirham milioni 55. Mnada huo wa Dubai ulifanyika ndani ya Ramadhani, na fedha zikaelekezwa kwenye kampeni ya kuwalisha wenye njaa. Uislamu unakemea israfu na unahimiza sadaka, na hapa mambo yote mawili yalikaa kwenye kipande kimoja cha bati.

Afrika Mashariki haijafika bei hizo, lakini imeweka mlango wenye kizingiti kirefu. Tanzania, ambako namba za kawaida huanza na T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu, ilipandisha ada ya namba binafsi katika bajeti ya 2016/17 kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa miaka mitatu. Kenya hutoza shilingi milioni moja. Kwa bei hizo namba binafsi imebaki ya wafanyabiashara, wasanii na wanasiasa. Dereva wa daladala au matatu hana haja nayo. Yeye ameandika kwenye kioo cha nyuma: Mashallah, Mungu ni Mwema, Yesu ni Bwana, dua ya mama. Kariakoo na Likoni maneno ya Msikiti na ya Kanisa hupangana kwenye foleni moja, na hakuna anayedhani serikali ndiyo imeyasema. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kioo ni cha mwenye gari. Kibao kina muhuri wa nchi.

Na juu ya muhuri huo ndipo sheria ya Marekani ilipogeuka. Mwaka 2011 Texas ilikataa kutoa kibao maalumu chenye bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigana vita kulinda utumwa. Chama cha wazao wa askari wa majimbo hayo kilishtaki. Juni 18, 2015, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba miundo ya vibao maalumu ni kauli ya serikali, na serikali haiwezi kulazimishwa kusema isichotaka. Kura ya tano ilitoka kwa Clarence Thomas, wakati huo jaji pekee mweusi mahakamani humo, aliyewaacha wenzake wa mrengo wa kihafidhina. Usiku uliotangulia, mjini Charleston, kijana mmoja mfuasi wa itikadi ya ubora wa weupe alikuwa amewaua waumini tisa weusi katika kanisa walikokuwa wakijifunza Biblia.

Uamuzi wa Texas ulihusu picha na muundo, na haukugusa herufi anazochagua mtu mwenyewe. Majimbo yakauvuta hadi huko. Indiana ilisema mwaka huohuo wa 2015 kwamba hata namba binafsi ni kauli ya serikali. Maryland ikasema mwaka uliofuata kwamba ni kauli ya mwenye gari, ingawa matusi yanaweza kuzuiwa. Februari 2025 Mahakama Kuu ya Tennessee ikajiunga na Indiana, katika kesi ya mwanamke aliyebeba 69PWNDU kwa miaka mingi, akisema 69 ni mwaka wa binadamu kufika mwezini na herufi zinazofuata ni lugha ya wacheza michezo ya kompyuta. Jimbo lilisoma ngono. Kwa kuwa mahakama iliona jimbo ndilo msemaji, lilikuwa na haki ya kukiondoa.

Hapo ndipo dini inaporudi kwa nguvu zote. Katiba ya Marekani inaizuia serikali kusimamisha dini yoyote. Mwaka 2009 jaji wa shirikisho alifuta kibao cha South Carolina chenye msalaba na maneno ya ungamo la imani, kwa sababu jimbo lenyewe ndilo lililokibuni na hivyo lilikuwa limeipendelea dini moja. Kama kila namba binafsi ni kauli ya jimbo, basi jimbo linalotoa GODZGUD linahubiri, na linalotoa IM GOD linakufuru. Litalazimika ama kuliondoa jina la Mungu kwenye magari yote, kama Vermont ilivyojaribu ikashindwa, ama kukana kauli ambazo mahakama zake zimesema ni zake. Mahakama ya Juu bado haijaamua kuhusu herufi saba anazojichagulia mwenye gari, na kila mwaka majimbo yanaendelea kuziuza.